Halabja: Mji Mdogo wa Wakurdi na Wakaaji Wake

Wengi hulijua jina la Halabja kwa sababu ya siku moja, yaani tarehe 16 Machi 1988. Ili kufahamu siku hiyo iliharibu nini, yafaa kwanza kuwajua wakaaji wa mji huo: ni watu gani, na husema lugha gani.

Halabja iko kaskazini-mashariki ya Iraki, katika uwanda wenye rutuba wa Sharazur, chini ya milima ya Hawraman, karibu na mpaka wa Irani. Wakaaji wake karibu wote ni Wakurdi, na walio wengi ni Waislamu wa Suni. Mashamba yake yasifika kwa makomamanga.

Kwa upande wa lugha, wilaya hiyo ina sura mbili. Sokoni, shuleni na ofisini hutumika Kisorani, yaani Kikurdi cha kati. Huandikwa kwa hati ya Kiarabu iliyorekebishwa, ambayo ndani yake karibu irabu zote zina herufi zake. Katika vijiji vya milimani, kama vile Tawela na Biyara, na kwa jamaa waliotoka huko, husemwa Kihawrami. Wataalamu wengi wa isimu huitenga lugha hii na Kikurdi, ilhali wengi wa wasemaji wake hujihesabu kuwa Wakurdi. Kwa hiyo mwenye kugawanya watu kwa kufuata orodha ya lugha peke yake atakosea hapo.

Mji huu ulikuwa pia na fahari ya utawala na ya ushairi. Adela Khanum, binti wa ukoo mashuhuri wa Sanandaj, aliolewa na Osman Pasha wa kabila la Jaf. Mumewe alipokufa, yeye mwenyewe alishika mamlaka mjini hadi kufa kwake mwaka 1924. Mwanawe, Ahmad Mukhtar Jaf, alikuwa mshairi. Mwaka 1904 alizaliwa hapo Abdulla Goran, aliyeacha bahari za arudhi ya Kiarabu na kutunga kwa hesabu ya mizani, kama zilivyo nyimbo za Kikurdi za jadi. Kwa sababu hiyo huitwa baba wa ushairi mpya wa Kikurdi.

Katika mwezi Machi 1988, vita vya Iraki na Irani vikiwa vinaelekea mwisho, majeshi ya Irani pamoja na wapiganaji wa Kikurdi waliingia mjini. Ndege za serikali ya Iraki zikaudondoshea mji gesi ya sumu. Inakadiriwa kwamba watu 5,000 walikufa, na maelfu wengine wakajeruhiwa. Walionusurika walikimbilia Irani, na mji wenyewe ukabomolewa baadaye.

Baada ya maasi ya Wakurdi ya 1991 wengi walirudi na kujenga upya. Lakini watoto kadhaa waliopotea katika mkimbio walikuwa wamelelewa na jamaa za Irani. Mmoja wao, aliyechukuliwa akiwa mchanga, alirudi mwaka 2009 akisema Kiajemi. Vipimo vya vinasaba vilimtambulisha kwa mama yake, lakini hawakuwa na lugha ya kuzungumza pamoja. Hasara kama hiyo haimo katika hesabu ya waliokufa.

Waliorudi hawakuridhika na kukumbukwa tu. Tarehe 16 Machi 2006 wakaaji wenye hasira walilichoma jengo la ukumbusho lililofunguliwa mwaka 2003, wakilalamika kwamba wageni huletwa kila mwaka huku mji ukikosa maji na barabara. Mwaka 2014 serikali ya jimbo la Kurdistan iliifanya Halabja kuwa mkoa, na bunge la Iraki likaidhinisha jambo hilo mwaka 2025. Kwa wakaaji wake, maana ya cheo hicho itapimwa kwa mabomba, barabara na shule.