Wewe wa Bagamoyo au wa Makerere?

Mkutubi akisimama kujitambulisha mbele ya wakutubi wenzake, jina lake halina uzito mkubwa. Atalitaja haraka, ataitaja maktaba yake, na hapo ndipo ukumbi utakapotega sikio: umesomea wapi? Akisema chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, upande mmoja wa ukumbi utachangamka na mtu atataka kujua alimaliza mwaka gani. Akisema Makerere, wazee watatikisa vichwa kwa heshima. Akisema Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, Wakenya watadai kuwa ni wa kwao hata kama amezaliwa Tabora. Ni kama watu wa pwani wanavyoulizana mtaa na ukoo kabla ya kuulizana shida.

Desturi hii ina chimbuko lake. Kazi ya ukutubi katika Afrika Mashariki ilianza na watu wachache waliotawanyika mbali mbali. East African Literature Bureau, iliyoanza mwaka 1948, haikuishia kuchapisha vitabu. Ilisambaza pia masanduku ya vitabu Kenya, Uganda na Tanganyika, na msomaji wa mbali aliweza kuazima kwa posta. Mahali sanduku lilipofika, mtu aliyekabidhiwa ndiye aliyekuwa maktaba nzima. Hakuwa na mwenzake wa kumuuliza kitu. Jijini Nairobi kulikuwa na jengo la fahari la Maktaba ya McMillan, lililofunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo.

Mwaka 1956 ikaundwa East African Library Association, na mwaka 1963 Makerere ikafungua shule ya ukutubi kwa ajili ya nchi zote tatu. Shule hiyo ndiyo iliyoleta undugu. Kijana wa Kisumu, wa Moshi na wa Mbarara walikaa darasa moja wakijifunza kuorodhesha vitabu, kisha wakarudi makwao kujenga huduma za maktaba za nchi zilizokuwa zimepata uhuru juzi tu. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilipofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967, kizazi hicho ndicho kilichokuwa kikiingia kazini. Kwa hiyo kuuliza "umesomea wapi" kulikuwa ni kuuliza "tunafahamiana kupitia nani."

Chama kile cha pamoja kilivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kila nchi ikabaki na chake. Hata hivyo, mwaka 1974 wakutubi walikutana Dar es Salaam na kuanzisha mkutano wa kanda ambao leo unaitwa SCECSAL, unaojumuisha Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini, na unaohama kutoka nchi moja hadi nyingine. Miaka mitatu baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Wanasiasa walikuwa wanagawana ndege na mabehewa. Mkutano wa wakutubi haukuwa na mali ya kugawana, ukadumu.

Asiyewajua hudhani watu hawa ni wapole na wakimya. Aende kwenye mkutano wao wakati wa chai! Watu wanaoshinda mwaka mzima wakinyamazisha wenzao huwa na maneno mengi ya kutoa. Watanzania hawaitani kwa vyeo: kuna Dada, Kaka, Mama na Mzee, na aliyewahi kufundisha Bagamoyo atabaki Mwalimu hadi siku ya kustaafu na baada ya hapo. Kijana hamkatizi mkubwa, ila akiona mkubwa amekosea namba ya kitabu, atatafuta namna ya adabu ya kusema.

Na namba ndiyo mabishano yao matamu. Karibu wote wanatumia mpango wa Dewey wa kupanga vitabu, ambao Mmarekani Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876. Katika mpango huo dini zimepewa namba za 200: Ukristo umetandazwa kuanzia 220 hadi mwisho wa 280, Uislamu wote umebanwa ndani ya 297, na dini za jadi za Afrika zimesukumwa hadi 299.6. Mkutubi wa Zanzibar au Lamu anajua maana yake. Rafu zake zinajaa vitabu vya fikihi, tafsiri na sira vyenye namba ndefu zisizoenea kwenye karatasi ya mgongoni, huku jirani yake wa namba za 230 akijinafasi. Fasihi ya Kiswahili nayo, tangu tenzi za kale hadi riwaya iliyotoka kiwandani jana, yote huanzia 896.392.

Kisha kuna suala la majina. Mwandishi Shaaban Robert apangwe kwenye S au kwenye R? Katalogi nyingine humpeleka kwenye R, kana kwamba Robert ni ukoo wake. Msomaji wa Tanga aliyezoea kumwita Shaaban atakwenda moja kwa moja kwenye S, asimkute, na kuondoka akiamini maktaba haina kitabu. Nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya hili mpaka chai ikapoa. Kwa maoni yangu wanaofuata msomaji wana haki, na wenye katalogi waweke tu kielekezo kwenye herufi ya pili, biashara iishe.

Siku hizi ubishi huo umehamia kwenye simu. Wakutubi wa kanda wana makundi ya WhatsApp, na anayeingizwa hupokelewa kwa desturi ileile ya zamani, ila maswali yamebadilika. Anaulizwa yuko mji gani, maktaba yake ni ya shule, ya chuo au ya umma, na anatumia programu gani. Akijibu Koha, amepata ndugu. Programu hiyo ilianzia New Zealand, haina ada ya leseni, na hutumiwa na vyuo vingi vya huku. Ikigoma saa tatu usiku, mtu wa Kampala humwelekeza mtu wa Dodoma hatua kwa hatua mpaka inawaka. Wa Garissa akisema huduma yao ilianza kubebwa na ngamia mwaka 1996, kila mtu hudai picha. Nadhani yeye mwenyewe amechoka na ngamia. Angependa aulizwe kuhusu vitabu.

Katika makundi hayo makala za kitaaluma huombwa na kutumwa kimyakimya, kutoka chuo chenye uwezo wa kulipia majarida hadi chuo kisicho nao. Sheria za hakimiliki hazifurahii jambo hilo. Mimi siwezi kumlaumu mkutubi ambaye mwanafunzi amesimama mbele yake akisubiri.

Lakini yupo mtu ambaye swali la zamani lilimfungia mlango. Ni mwalimu wa shule ya msingi au sekondari aliyekabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu juu ya vipindi vyake vya kawaida. Hakusomea Bagamoyo wala Makerere. Akiulizwa amesomea wapi, hujibu kwa sauti ya chini kwamba yeye si mkutubi, "nashika maktaba tu," na mazungumzo yanahamia kwa mwingine. Huyu ndiye mrithi halisi wa yule aliyepokea sanduku la vitabu miaka ya 1950: yuko peke yake, hana mafunzo, na wasomaji wake ni wengi. Kwenye simu, pale anapoulizwa ana vitabu gani na amekwama wapi, hupata majibu ya namna ya kugonga muhuri, kuandika daftari la kuazimisha na kushona kitabu kilichochanika.

Viongozi wa vyama vya wakutubi, mkutano ujao ukifika, mwalikeni mwalimu huyo na mpeni kiti cha mbele. Na zamu yake ya kujitambulisha ikifika, msianze na chuo. Mwulizeni anahitaji nini.