Ijue namba 2,147,483,647

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni. Juzi mdogo wangu alikuwa anacheza gemu kwenye simu, alama zikagota 2,147,483,647. Akaja mbio, "kaka, simu imeharibika!" Haijaharibika. Hiyo namba ina historia.

Andika 2 mara 31, zizidishe zote, halafu toa 1. Jibu ndo hilo. Na ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7 au 13. Usidhani kila ukifanya hivyo unapata tasa. Fanya kwa 2 mara 11, unapata 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Kwisha kazi!

Aliyethibitisha utasa wake ni Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi St Petersburg, Urusi, mwaka 1772. Kompyuta hakuna, na macho yake yalikuwa karibu yamepofuka kabisa. Aliwezaje? Kwanza, huna haja ya kuvuka 46,340, manake namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili. Pili, alionyesha kuwa kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Hapo tasa nyingi mno zinaanguka bila kujaribiwa. Ya kwanza kujaribu ni 311: unagawanya, inabaki 35, haifai. Unaendelea hivyo mpaka mwisho. Hakuna inayofaa.

Sasa inatuhusu nini? Kompyuta huandika namba kwa 0 na 1, na hii kwake ni 1 zilizopangwa 31. Mifumo mingi ya zamani ilitenga nafasi 32: moja ya kuonyesha chanya au hasi, 31 za namba yenyewe. Kwa hiyo hii ndo kubwa kuliko zote inayoingia. Utasa hapo hauhusiki, ni nafasi zimejaa. Ongeza 1 tu, mashine nyingi zinaruka hadi hasi 2,147,483,648.

Mifumo hiyo huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Zitajaa Jumanne 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itadhani ni Desemba 1901!

Kompyuta za kisasa nyingi zinatumia nafasi 64, hazina shida. Wasiwasi ni programu na vifaa vya zamani. Na usiseme 2038 ni mbali: mkopo wa miaka 15 unaochukuliwa sasa unavuka tarehe hiyo, programu mbovu inaweza kukosea leo hii.

Mdau uliye benki, SACCOS au hospitali, waulize mafundi wenu: tarehe zetu zinahifadhiwa kwa nafasi ngapi? Halafu njoo utuambie hapa chini walivyojibu.