TREKTA KUUKUU: USIOE BONETI, OA INJINI!

Siku hizi hapa Lupepo gumzo ni trekta la mtumba. Binamu yangu na washikaji wawili wamechanga mshiko, na ng'ombe watatu wa babu wameshauzwa. Wanataka kubebea viazi huku mlimani na kulimia watu mashamba ya mpunga kule Kyela. Dalali kawaonyesha Massey Ferguson tatu, zote nyekundu, zote eti bomba. Sasa ipi ni ipi?

Sikia, msomaji. Mkubwa wao ni MF 35, wa mwaka 1957. Za mwanzo zilifungwa injini ya Standard ya silinda 4. Hiyo ni mvivu wa kuamka kwenye baridi, na baridi ya Tukuyu mwezi wa saba unaijua! Baadaye zikaja na Perkins ya silinda 3, inayowaka upesi. Kwa sura ni pacha. Dawa yake ni kufungua boneti na kuhesabu vibomba vya dizeli vinavyotoka kwenye pampu. Vikiwa vitatu, endelea na mazungumzo. Vikiwa vinne, aga.

Halafu kuna MF 135 ya mwaka 1964 na MF 240 iliyoanza 1979. Hapa ndipo watu wanapolizwa. MF 240 ina sura changa, basi dalali anapandisha bei. Kumbe ndani, 135 ya dizeli na 240 zimetumia Perkins ya ukoo mmoja, silinda 3, lita 2.5! Usilipie sura.

Nenda asubuhi bila kupiga hodi mapema. Gusa injini. Ukikuta ya moto, ujue imepashwa makusudi. Iwashe, na moshi wa bluu usipokwisha, inakula oili. Inua plau, uone kama mikono ya nyuma inanesanesa.

Kubwa kuliko yote ni breki. Pedali ni mbili, kila moja na tairi lake la nyuma. Kwenye mteremko wa Rungwe, huku trela la viazi linakusukuma, tairi moja likikamata peke yake trekta linageuka, na hapo ni msiba.

Mimi ningechukua 135 yenye breki nzima, chenji ninunulie plau. Wewe je? Hesabu vibomba kwanza, noti baadaye.