Kuburuta na Kudondosha: Istilahi na Utendaji Wake

Istilahi "buruta na kudondosha" imezoeleka katika Kiswahili cha kompyuta, ingawa vitenzi vyake viwili havifai kwa kiwango kimoja. Tendo lenyewe, ambalo kompyuta ya Macintosh ililieneza kuanzia mwaka 1984, ni jepesi: mtumiaji hubonyeza kitufe cha kipanya juu ya ikoni ya faili, hukisogeza kipanya bila kukiachia kitufe, kisha hukiachia penye kabrasha alitakalo.

Kitenzi "buruta" hakina kasoro. Kinachoburutwa hakiinuliwi wala hakiachwi njiani. "Kokota" kingekaribia, ila hudokeza uzito. Tatizo ni "dondosha". Katika fonolojia, udondoshaji ni kutoweka kwa sauti: irabu /u/ ya kiambishi mu- hudondoshwa, tukapata "mtu". Katika matumizi ya kila siku pia, aliyedondosha fedha amezipoteza. Kitenzi "tua" kingekuwa sahihi zaidi, kwa kuwa mzigo hutuliwa mahali palipokusudiwa. Hata hivyo, istilahi iliyokwisha kuenea ni vigumu kuiondoa.

Athari yake si ya kinadharia tu. Mathalani, karani katika kata ya Enguserosambu, wilayani Ngorongoro, ambaye Kimaasai ndiyo lugha yake ya kwanza, akiambiwa adondoshe orodha ya wanafunzi katika flashi, ana haki ya kuuliza: faili limehama, limebaki, au limepotea? Jibu halimo katika istilahi. Katika Windows, faili likiburutwa ndani ya diski ileile huhamishwa. Likipelekwa diski nyingine, flashi ikiwemo, hunakiliwa. Mtumiaji akishikilia Ctrl wakati wa kuachia, faili hunakiliwa kwa vyovyote. Akishikilia Shift, huhamishwa. Katika Macintosh, Option hunakili na Command huhamisha.

Alt, katika Windows, huzaa kitu cha tatu: njia ya mkato. Hapa pana hatari kubwa zaidi. Njia ya mkato ni ikoni inayoelekeza tu mahali faili lilipo. Karani akiiweka hiyo katika flashi badala ya faili lenyewe, atafika Wasso na kukuta ikoni isiyofungua chochote katika kompyuta ya huko. Isitoshe, jina hilohilo hutumika kwa vitufe vya mkato, kama Ctrl na C, ambavyo ni dhana tofauti kabisa. Afadhali ya kwanza iitwe "ikoni ya mkato".

Kwa hiyo mwandishi wa mwongozo hana budi kuutaja mwisho wa tendo: "buruta ili kunakili", "buruta ili kuhamisha". Aidha, aeleze kwamba kabla kitufe hakijaachiwa, Esc hulitangua tendo zima. Kikishaachiwa, Ctrl na Z hulirudisha faili lilikotoka.