MBEGU ZA VIAZI: Maabara yapunguza kromosomu, mzigo wa lori huenda ukapungua

Mkulima wa viazi mviringo anayetaka kupanda hekta moja huhitaji tani 2 hivi za viazi vya mbegu. Mzigo huo hukodiwa lori, huoza ukichelewa njiani, na mara nyingi huja na virusi na mnyauko wa bakteria kutoka shamba la mwingine. Wafanyabiashara wa Mbeya na Njombe wanaijua hesabu hiyo. Mbegu halisi, ile ndogo iliyomo ndani ya tunda la mmea, ingetosha hekta hiyohiyo kwa uzito usiofika kilo moja. Ila mimea yake haifanani, na soko halipendi mchanganyiko.

Chanzo ni kromosomu. Kiazi cha kawaida kina 48, yaani seti 4 za 12. Kila jeni lipo mara 4, na mabaya hujificha nyuma ya mazuri, hivyo mzalishaji wa mbegu huchambua kwa miaka mingi.

Njia mojawapo ni kupunguza seti. Mwaka 1957 Hougas na Peloquin wa Wisconsin, Marekani, walitangaza mmea wa aina ya Katahdin wenye kromosomu 24, uliopatikana kwa uchavushaji. Mwaka 1964 Guha na Maheshwari wa Chuo Kikuu cha Delhi, India, wakaonyesha kwenye datura kwamba chavua yenyewe yaweza kuwa mmea.

Kwenye viazi, vitumba vya maua huchumwa chavua ikiwa bado changa, huwekwa kwenye baridi siku chache, kisha husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Vichavulio hutolewa na kutiwa kwenye chupa yenye sukari, chumvi za madini na homoni. Baada ya wiki kadhaa hutokea viinitete, navyo huhamishiwa chupa nyingine vichipue. Vingi havichipui, hapo ndipo gharama ilipo. Vinavyochipua hukaguliwa kwa hadubini, kromosomu zikihesabiwa kwenye ncha ya mzizi, kwani si vyote vilivyopungua.

Mmea wa 24 ukirudishwa chupani waweza kutoa wa 12. Huu huwa dhaifu, maana kasoro haina tena pa kujificha. Ukitiwa kolkisini seti huongezeka maradufu, na zote mbili hulingana kabisa. Mmea wa namna hiyo ndio uliotumika kusoma jenomu ya kiazi, kazi iliyochapishwa mwaka 2011.

Kampuni ya Solynta ya Uholanzi inazalisha mbegu chotara kutokana na viazi vya seti 2, ingawa mistari yake huipata kwa kujichavusha vizazi kadhaa, si kwa chupa. Mnunuzi azingatie jambo moja: mbegu hiyo husiwa kitaluni kama nyanya, kisha miche huhamishwa, na mche mchanga hauna akiba ya chakula kama kiazi. Mvua ikikatika wiki ya kwanza, hasara ni ya aliyepanda.