Gesi Haijaisha: Tazama Kwanza Kondensa

Friji ikipungua baridi, hukumu ya kwanza nyumbani huwa moja: gesi imeisha, aitwe fundi. Je, wajua kwamba gesi ya friji haiishi kama ya jiko? Imefungiwa ndani ya mabomba yaliyochomelewa, nayo huzunguka humo miaka na miaka, ileile iliyowekwa kiwandani. Ikipungua, ujue kuna tundu mahali, na kuijaza bila kuziba tundu ni kutupa pesa. Lakini mara nyingi gesi ipo tele, na tatizo liko mahali pasipotazamwa na mtu, mgongoni mwa friji.

Huko kuna kondensa: bomba jembamba jeusi lililokunjwakunjwa na kushikwa na safu za nyaya. Kompresa inayonguruma pale chini huvuta gesi iliyokwisha kuchota joto la samaki, maziwa na maji ya kunywa, ikaikandamiza mpaka ikawa ya moto kuliko hewa ya jikoni. Ndipo gesi inapoweza kuiachia hewa joto lake. Ikipita kwenye kondensa inapoa na kugeuka kimiminika, kisha inapenya kwenye kibomba chembamba sana, presha inashuka, inachemka upya ndani ya friji na kuchota joto jingine. Joto lote la ndani, pamoja na lile la kazi ya kompresa yenyewe, halina njia nyingine ya kutokea.

Wahandisi wa zamani waliliheshimu jambo hili. Friji ya General Electric iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1927, ikapewa jina la utani Monitor Top, ilibeba kompresa na kondensa juu ya paa lake, hewa ya moto ipande bila kizuizi. Siku hizi kondensa iko nyuma, au chini ikiwa na feni yake, au imefichwa ndani ya kuta za pembeni. Ndiyo maana ubavu wa friji mpya huwa na joto ukiugusa, si ubovu.

Sasa tazama tunavyoitendea. Friji inasukumwa mpaka ukutani, vitambaa vinaanikwa nyuma vikauke, mvuke wa mafuta ya kukaangia unanata kwenye nyaya na vumbi linanasa juu yake. Joto likikosa pa kwenda, kompresa haipumziki, na uniti za umeme zinayeyuka. Kwenye kibandiko cha friji tafuta herufi za hali ya hewa: N imetengenezwa kwa joto la chumba lisilozidi nyuzi 32, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. Friji yenye N peke yake, ikabanwa ukutani Dar es Salaam mwezi Februari, imepewa mzigo usio wake.

Mkono wako unaweza kupima mengi. Acha friji ifanye kazi nusu saa, kisha gusa kondensa kwa wepesi, mbali na nyaya za umeme. Juu, gesi inapoingilia, pawe moto. Kadiri unavyoshuka joto lipungue mpaka vuguvugu. Ikiwa moto sana kote na kompresa haizimi, shuku vumbi au kukosa hewa. Ikiwa baridi kote ilhali kompresa inanguruma, hapo gesi imevuja kweli au kompresa haisukumi, na fundi ana haki ya kuitwa.

Kusafisha ni kazi ya dakika chache. Chomoa plagi, vuta friji mbele, piga brashi laini iliyo kavu kutoka juu kwenda chini. Usimwage maji, usikwangue kwa kisu. Wakazi wa pwani watazame pia kutu, kwa kuwa chumvi ya baharini hula chuma chini ya rangi. Doa la mafuta kwenye bomba ni dalili ya tundu: gesi huzunguka na mafuta ya kompresa, na inapovuja huyaacha hapo. Ukirudisha friji, iachie upana wa kiganja kutoka ukutani, na usichomeke plagi kabla ya dakika tano, presha ya pande mbili isawazike. Friji gadi, kile kifaa cha kuilinda friji, huchelewesha umeme kwa sababu hiyohiyo.

Jambo la mwisho ni la usalama. Kibandiko kinataja aina ya gesi. R134a haishiki moto kirahisi, ila ikivuja huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule; ni kati ya gesi ambazo mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza. Friji nyingi mpya zina R600a, yaani isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia, na hiyo hulipuka. Fundi akija, muoneshe kibandiko na fungua madirisha kabla hajawasha moto wa kuchomelea.