Hesabu shuleni: gunia la maharagi kabla ya kanuni

Mama mmoja ananunua gunia la maharagi kwa faranka 150 000. Analipa faranka 6 000 za usafiri mpaka sokoni. Gunia linatoa makopo 80, na kila kopo anauza faranka 2 500. Je, atauza makopo mangapi ili arudishe pesa zake?

Swali hili ni mfano tu. Lakini linaonyesha kile programu mpya za hesabu nchini DRC zinaomba walimu wafanye: mwanafunzi akutane kwanza na tatizo la maisha, kanuni ije baadaye. Programu hizo, kuanzia darasa la saba la elimu ya msingi, ziliandaliwa kupitia mradi wa serikali PEQPESU, kwa pesa za Benki ya Dunia. Kwa Kifaransa njia hiyo inaitwa « approche par les situations ».

Kwa desturi, mwalimu anaandika kanuni ubaoni, anafanya mfano mmoja, wanafunzi wananakili, kisha wanapewa mazoezi yanayofanana. Wengi wanayafaulu. Ila maneno ya swali yakibadilika kidogo, sauti inatoka nyuma: « Mwalimu, hapa tunazidisha ama tunagawanya? »

Gunia linafundisha nini?

Turudi sokoni. Gharama yote ni faranka 156 000. Ukigawanya kwa 2 500 unapata 62,4. Hapo darasa linagawanyika: wengine wanajibu 62, wengine 63. Kwa makopo 62 mama bado ana upungufu wa faranka 1 000. Jibu ni 63, na mwanafunzi anaona mwenyewe kwa nini.

Mwalimu anaendelea: akiwa ameuza makopo 40, yuko wapi? Yuko kwenye -56 000. Namba hasi sasa ina maana, ni pesa ambazo bado hazijarudi. Akiuza yote 80, faida ni 44 000. Lakini akitoa makopo 20 kwa deni na wateja wasilipe? Anabaki na 150 000, yaani hasara ya 6 000. Baada ya hapo ndipo mwalimu anaandika 2 500x - 156 000, na herufi x haimshangazi mtu tena.

Si kuwaacha watoto peke yao

Njia hii ina hatari zake. Mwaka 2006, watafiti Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika kwamba mwanafunzi anayeanza, akiachwa atafute bila mwongozo, anajifunza kidogo. Onyo hilo ni la kweli pia kwetu. Mwalimu asipofunga somo kwa kanuni iliyo wazi na mazoezi ya kutosha, watoto wanarudi nyumbani na hadithi ya maharagi bila hesabu.

Mwalimu wa hesabu George Pólya, katika kitabu chake cha 1945, alipendekeza hatua nne: kuelewa swali, kupanga njia, kuifuata, kisha kurudi nyuma kuhakikisha jibu. Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo iliyotutoa kwenye 62 kwenda 63.

Katika darasa la wanafunzi 60, vikundi si rahisi. Inatosha wa dawati la mbele wageuke kuwatazama wa nyuma. Dakika tano kila mmoja afikiri kimya, dakika kumi wajadiliane, kisha vikundi viwili vyenye majibu tofauti viende ubaoni.

Na mtihani?

Wazazi na walimu wengi wana wasiwasi: kwenye mtihani wa serikali, Exetat, mwanafunzi anachagua jibu moja kati ya kadhaa, hakuna anayemwuliza alifikaje. Kwa hiyo wengi wanaona ni heri kukariri. Lakini hata mtihani wa kuchagua unaweza kuandaliwa kwa njia hii. Mwalimu aandike majibu manne: 60, 62, 63 na 80, kisha aulize darasa kila jibu baya limetoka kwa kosa gani. Aliyesahau usafiri atajitambua kwenye 60. Aliyekata desimali atajitambua kwenye 62. Siku ya mtihani, watoto hao watajua mitego hiyo inatoka wapi.